Mgomba wa Mwalimu Thembo

Baluku alipiga simu asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkono mmoja na kalamu nyekundu mkono wa pili, akasema mama yake amepumzika na kwamba watamzika Bwera, kando ya baba. Hakulia. Aliuliza tu kama nitakuja. Nikajibu, "Nitakuja," kwa haraka ile ambayo sisi watu wa mjini tunaitumia kwa ahadi tusizonuia kuzitimiza, na nilipoweka simu chini nikabaki nikiitazama. Nimefundisha Kiingereza chuo kikuu kwa miaka mingi. Niliwahi hata kuandika tasnifu nene kuhusu namna Waingereza wanavyousema wakati ujao wanapousimulia wakiwa wamesimama katika wakati uliopita. Tasnifu hiyo imo maktabani, na kwa jinsi kurasa zake zilivyo safi naweza kuapa kwamba hajaifungua mtu isipokuwa mimi mwenyewe, nilipokwenda kuangalia kama bado ipo. Mtu wa namna hiyo angepaswa kuwa jasiri mbele ya neno dogo kama "nitakuja". Mimi si jasiri. Neno hilo linanitia hofu tangu mwaka nilioishi nyumbani kwa mama yake Baluku, na ndiyo sababu nilipanda basi siku hiyohiyo, kabla halijapata nafasi ya kukaa.

Kutoka Kasese kwenda Bwera lazima upite Kikorongo, kwenye njia panda. Siku hizi pana pilikapilika: wanawake wanainua samaki hadi madirishani, malori yamepumzika, abiria wanashuka kunyoosha miguu. Mimi hufumba macho nikifika pale. Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni kizunguzungu, akanipa kipande cha tangawizi. Nilikitafuna macho yakiwa yamefumbwa mpaka nikasikia gari limeshika kasi tena.

Mwaka ule ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati wa wanajeshi. Nilikuwa kidato cha nne, na mwalimu wetu wa Kiingereza, Thembo, alikuwa amekubali nikae kwake ili nisipoteze masaa ya kusoma kwa kwenda na kurudi kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Nyumba yake, pale Bwera, ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Kona yangu ilikuwa sebuleni, nyuma ya pazia la maua ya buluu ambalo halikufika chini, hivyo kila aliyeingia aliona miguu yangu na kujua kama nimelala au nasoma. Nyumba ilinuka muhogo ulioloekwa na kahawa iliyoanikwa. Jioni upepo ukivuma kutoka mto Lubiriha tulisikia redio za ng'ambo, za Zaire, na magitaa yake, na mke wa mwalimu angeacha mwiko ndani ya sufuria akasikiliza wimbo uishe, kwa kuwa ng'ambo ndiko alikozaliwa. Tulimwita Mama Masika kwa jina la binti yake, aliyekuwa na umri wa kuanza kuuliza maswali. Alikuwa mjamzito. Kiswahili chake kilikuwa cha upande ule, cha "mutu" na "mutoto", na mimi, niliyelelewa na wazazi waliotoka Kenya na walioamini kwamba Kiswahili chao ndicho kilichotoka pwani kikiwa hakijaguswa na mtu njiani, nilikuwa namsahihisha. Alinivumilia. Alikuwa ananipa ukoko wa bundu, ule ugali wa muhogo, huku akisema, "Kula, profesa." Cheo hicho nilikipata rasmi baada ya miaka mingi, na hakikunifurahisha hata nusu ya pale.

Nilichoshindwa kukizoea kwanza ni majina. Darasani kwetu kulikuwa na akina Baluku lukuki na akina Masika safu nzima, na nilidhani ni ukoo mmoja mpaka mwalimu aliponieleza mezani kwamba Wakonzo humpa mtoto jina kwa nafasi aliyozaliwa. Mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, na kuendelea. Yeye Thembo alikuwa wa tano. Wasichana nao wana safu yao. Jina langu, Nekesa, maana yake ni aliyezaliwa wakati wa mavuno, basi akacheka akasema, "Kwenu mnaitwa kwa majira, kwetu kwa foleni." Kisha akaonyesha tumbo la mkewe kwa kidole. Aliyemo mle, alisema, tayari ana jina. Akiwa mvulana ni Baluku, akiwa msichana ni Biira. Hata asipoishi, nafasi yake haichukuliwi na mtu, na anayemfuata anaitwa jina linalofuata. Ukisikia nyumba ina Masika na Kabugho lakini haina Biira, usiulize Biira yuko wapi.

Darasani Mwalimu Thembo alikuwa mwembamba na mwenye haraka, na chaki ilimwishia kabla ya kipindi kuisha kwa sababu alichora kila kitu. Siku ya somo lile alichora vilima viwili na mtu mmoja mwenye fimbo. "Simama jana," alituambia. "Sasa tazama mbele, lakini usije huku leo. Kaa hukohuko jana. Unaona nini?" Hatukuona kitu. Akaandika sentensi ya Kiingereza kuhusu mbuzi, yenye yale maneno "was going to": mbuzi ambaye siku hiyo ya jana, watu walikuwa wamenuia kumla Krismasi. Mvulana mmoja wa nyuma, aliyependa nyama, akanyoosha mkono akataka kujua kama mbuzi huyo hatimaye aliliwa.

"Hiyo ndiyo raha yake," mwalimu akasema. "Sentensi haijui."

Akatueleza kwamba Mwingereza ana njia kadhaa za kusimama jana akitazama kesho. Ipo hiyo ya nia, ya mbuzi, ambayo mara nyingi inaishia kwa "lakini". Ipo ya "was to", nzito, ya Mungu na vitabu vya historia, ya mtu ambaye imekwisha kuandikwa yatakayompata. Na ipo "would", ambayo ni neno la "will" lililovishwa nguo kuukuu. Msimulizi akilitumia, huwa amekwisha kufika kilima cha pili, anamtazama yule mtu mdogo mwenye fimbo kule nyuma, na anajua njia inamwishia wapi. Nilinakili yote. Nilikuwa mtoto wa kunakili. Jioni mwalimu alimjaribu mkewe kwa somo lilelile akimsaidia kuchambua maharage, na Mama Masika akauliza kazi yake nini. "Siye tunasema alisema atakuja," alisema. "Imeisha. Kama hajakuja, ile atakuja inabaki pale pale, inamungoja." Mwalimu alicheka akasema ndiyo maana watu wa huku tunaahidi sana. Nami nilicheka, upande wa mwalimu. Miaka mingi baadaye, katika ukurasa fulani safi wa tasnifu yangu, niliandika aya ndefu kuonyesha kwamba Kiingereza hubadilisha kitenzi cha ahadi mara ahadi inapokuwa ya zamani, lakini Kiswahili huiacha ahadi ikiwa hai ndani ya wakati uliokwisha kufa. Nilitaja wataalamu. Maharage sikuyataja.

Mwalimu na kaka zake walikuwa na desturi moja ya mezani, waliyoachiwa na mama yao. Anayesafiri, hata kama ni kwenda Kasese na kurudi, hamalizi chakula chake. Anabakiza, anafunika sahani kwa sahani nyingine, na anaacha neno kwamba ataimalizia. Mwenye chakula kinachomngoja, mama yao alikuwa akisema, barabara haiwezi kumshika. Kwa mtu mwenye tamaa ya chakula kama Mwalimu Thembo hili lilikuwa teso, na mkewe alimtania kwamba siku ya safari hubakiza vijiko viwili tu, vya kumdanganya mama. Asubuhi ile alipokwenda Kasese kufuatilia usajili wetu wa mtihani, alibakiza nusu nzima ya bundu na samaki. Mama Masika akamuuliza kama samaki haikuiva. Akasema imeiva sana, ndiyo sababu anataka kurudi kwake. Akafunika. "Musimpe mutu," aliiga lafudhi ya mkewe, akinikonyeza mimi. "Nitamalizia jioni."

Kondakta wa basi ndiye aliyeleta habari, kesho yake mchana. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye mchanga wa ua akimwambia Mama Masika huku akitazama kuku, kwamba Kikorongo wanajeshi walisimamisha basi, wakawashusha wanaume watatu, na mmoja ni mwalimu. Hawakumpiga. Walimwambia apande gari lao, akauliza kama anaweza kuchukua mfuko wake, wakamwambia aache, atarudi sasa hivi. Kondakta alikuwa amekuja na mfuko. Ndani mlikuwa na boksi la chaki na vitambaa vya mtoto, vyeupe. Mama Masika alivipokea, akamshukuru, akamkaribisha maji, na kondakta akasema ana haraka. Jioni alipika kama kawaida. Alipakua sahani ya mwalimu, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati. Sauti hiyo, ya bati likikaa juu ya bati, nikawa naisikia kila jioni mwaka ule wote. Asubuhi aliila yeye mwenyewe, imepoa, amesimama, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa chakula. Na jioni anapakua tena.

Tulikwenda naye kambini Kasese. Nilichukuliwa mimi kwa sababu Kiswahili changu kilisemekana ni cha ofisini. Njiani nilitunga sentensi zangu kwa makini, zenye heshima na upatanisho wote wa kisarufi, kana kwamba jeshi hukosea watu kwa kukosa ngeli. Getini palikuwa na askari kijana mwenye macho mekundu, na nyuma yake ndani ya uzio tuliona wake wa askari wakianika nguo na kucheka kwa lugha ambazo sikuzijua, mmoja akimsuka mwenziwe. Nilisema tunamtafuta mwalimu.

"Mwalimu hapana hapa," askari akasema. "Hapa ni kambi. Mwalimu iko shule."

Nikasema alishushwa kwenye basi Kikorongo, afande. Alitazama tumbo la Mama Masika muda mrefu. Nadhani alikuwa na mama yake mahali, au mke, na kwa kitambo nilifikiri atasema kitu. Kisha mtu alimwita kutoka ndani akasimama wima. "Mama, rudi nyumbani," akasema. "Pika chakula. Mutu yako itakuja."

Najua kwamba Kiswahili cha kambi kilimweka kila mtu na kila kitu kwenye ngeli moja, na kwamba kwa askari yule gari itakuja, mvua itakuja, na bwana wako itakuja pia. Hata hivyo nilisikia kama anazungumzia mzigo. Mama Masika hakusikia hivyo. Alimshukuru. Wakati tunaondoka, yule mwanamke aliyekuwa akisuka alikuja mpaka kwenye uzio, akapitisha kwenye tundu la waya mkono wenye chapati mbili zilizofungwa gazetini, akasema ni za njiani, za mutoto, na hakututazama usoni. Tulizila kwenye kituo cha basi. Mama Masika alikata kipande cha yake akakirudisha kwenye gazeti.

Miezi ikaenda. Kaka mkubwa wa mwalimu, Bwambale, alianza kuja kila Jumapili baada ya ibada. Alikuwa mkulima wa kahawa kutoka upande wa Nyakiyumbu, mpana, mpole, na sauti yake ilikuwa ya Thembo kabisa. Mara ya kwanza alipobisha hodi nilitoka nyuma ya pazia nikikimbia. Alikaa kwenye kiti cha kando, cha mwalimu hakukigusa, na maneno yake nilikuwa nayasikia vizuri kwa sababu pazia huficha macho tu. Alisema kwamba mtu asiyezikwa hana pa kukaa. Katika familia yao, mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa mgomba wa urefu wake, unavishwa sanda, unaombewa na kuzikwa, ili aliyepotea ajue kwamba amefika. Na lazima ifanyike kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto hawezi kuzaliwa katika nyumba ambayo baba yake si hai wala si marehemu. Atamfuata baba mlangoni, huko nje, amtafute. Mama Masika alimjibu kwamba hawezi kumzika mutu mwenye hakuona amekufa. Na akirudi? Akute kaburi yake uani, asalimie nani?

"Shemeji," Bwambale alisema Jumapili moja, kwa upole hasa, "huyu harudi."

"Alisema atarudi."

"Alisema."

Wazee wawili walikuja naye Jumapili iliyofuata, na mama mmoja wa kanisani, na jirani. Wote walikuwa wanampenda. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Walimwambia kwamba mjane analindwa, anapewa shamba, watoto wake wana ukoo, lakini mwanamke mwenye mume asiyekuwepo wala kufa hana cha kushika, na nyakati zenyewe ni hizi. Jirani alisema watu wanaogopa kupita uani kwake jioni wakati anapofunika sahani. Niliwaza kwamba atavuka mto arudi kwa mama yake. Sahani zilikuwa chache. Vitu vyote vya nyumba vingeenea kwenye mikono miwili. Badala yake aliwamiminia chai, akauliza kama ni lazima mgomba ukatwe na wanaume. Wakatazamana. Mzee mmoja akasema hajawahi kusikia sheria juu ya hilo. "Basi nitamuchagua mwenyewe," Mama Masika akasema. "Miye ndiye najua urefu yake." Bwambale alishusha pumzi hata nikasikia nyuma ya pazia. Akamwita "dada yangu", akamshukuru, akalia.

Asubuhi ya maziko nilipoamka alikuwa amekwisha kutoka na kurudi. Alikuwa ameketi jikoni, miguu imejaa udongo mweusi hadi magotini, na kando yake, juu ya mkeka, mgomba mchanga ulikuwa umefungwa tayari kwa shuka nyeupe na kamba, kichwa mpaka miguu, na juu ya shuka alikuwa amelilaza koti la mwalimu la kufundishia lenye vumbi la chaki mifukoni. Hakuruhusu mtu afungue. Wanaume walipobeba, kijana wa upande wa miguu aliyumba akasema huku chini ni kuzito. Mzee akamwambia maiti wote ni wazito. Kaburi halikuwa refu kwenda chini. Nadhani wachimbaji hawakuwa na moyo, na ardhi ile ina mawe. Mkatekista alisoma maombi ya wafu akifika kwenye jina anakohoa. Wanawake walilia sana. Mama Masika alilia pia, na mimi niliyekuwa nimesimama na Masika mkononi niliona jambo ambalo sikulielewa: alipopewa udongo wa kutupa, hakuutupa. Aliinama kwa shida na tumbo lake, akauweka, akaushindilia kidogo kwa kiganja, vile mtu anavyofanya shambani.

Jioni hiyo alifunika sahani kama kawaida. Bwambale, aliyekuwa amebaki kulala, aliitazama tu ile sahani juu ya kabati.

Mtoto alizaliwa mvua zilipoanza. Alikuwa mvulana, na jina lake lilikuwa limekaa likimngoja tangu mezani. Hakuna aliyehitaji kuulizwa. Wakunga walimwita Baluku kabla hawajamfuta. Wakati ananyonya wiki zake za kwanza, udongo wa kaburi ulipasuka upande wa miguu, na ukatoka mkuki wa kijani, jani changa la mgomba lililojisokota. Masika ndiye aliyeuona. Aliingia ndani akatuambia baba anaota.

Nilidhani ni mkosi uliotokana na kukosea. Nilidhani mama mjamzito, kwa uchovu na giza la alfajiri, alichimbua mche na shina lake la chini badala ya kukata juu ya ardhi. Na nilimhurumia. Ni mimi tu, Bwera nzima, niliyefikiri hivyo, mtoto wa nyumba za mgodi ambaye ndizi aliijulia sokoni. Wengine wote walijua kwamba mtu aliyekulia migombani hawezi kukosea jambo hilo, kama vile mtu hawezi kukosea akapika kuku na manyoya. Habari ilifika Nyakiyumbu kabla ya jioni. Asubuhi Bwambale alikuja kwa miguu, peke yake, na panga.

Mama Masika alikuwa anaanika vitambaa vyeupe, vile vya kwenye mfuko. Mtoto alikuwa mgongoni. Aliviacha, akatembea bila haraka akasimama kando ya kaburi, si mbele yake.

"Kaburi haioti, shemeji," Bwambale akasema.

"Hii imeota."

"Umetudanganya. Umemdanganya hata Mungu, yule mkatekista amesoma maneno yote."

"Mulisema nizike mugomba. Nimezika." Akageuka kidogo, ili mtoto aonekane. "Kata. Lakini huyu akuone unakata."

Bwambale aliinua panga mpaka kiunoni. Alikuwa na mikono ya kufyeka mti kwa pigo moja na pale mbele yake palikuwa na jani moja lisilofika goti. Nilikuwa mlangoni na kitabu mkononi na sikujua nifanye nini na kitabu. Kisha uso wake ukaachia. "Mi nilitaka alale tu," akasema. "Anatembea, mama. Kila siku giza likiingia nasikia miguu yake kwenye kahawa. Nilitaka mdogo wangu alale."

"Kama anatembea," Mama Masika akasema, "basi iko njiani."

Bwambale aliweka panga chini, akaketi kwenye ukingo wa kaburi kama mtu aliyekuja kutembelea. Baadaye akanywa chai. Lakini alipoondoka aliapa mbele yetu kwamba kitakachotoka kwenye mgomba ule hakitaingia kinywani mwake, na hakutaka mtu wa ukoo aguse. Nilifanya mtihani, nikapata nafasi Kampala kisha nikavuka kwenda Nairobi, na nilipoondoka mgomba ulikuwa umenipita kimo na sahani ilikuwa bado inafunikwa. Barua zilikuwa chache, na za Mama Masika ziliandikwa na watu wengine waliosema hajambo na watoto hawajambo. Nilitembelea mara mbili. Mara zote mbili nilikuta ndizi zimekwisha kukatwa, na sikuuliza zinakwenda wapi. Nilikuwa nimesoma sana wakati huo, na maswali yangu yote yalikuwa ya vitabuni.

Safari hii nilifika watu wakiwa uani. Kaburi la zamani halionekani tena. Ni kichaka cha migomba, mama na watoto na wajukuu wake, kinachonong'ona hata pasipokuwa na upepo. Wachimbaji walikuwa wamefukua kando yake wakakuta mizizi imetambaa chini kwa chini, na mmoja akaomba panga aikate. Mzee aliyekaa kwenye kiti akasema waache, wasogeze kaburi hatua moja, mwanamke huyo hakuwahi kulipenda panga. Sauti ilinisimamisha. Ilikuwa ya Mwalimu Thembo, imezeeka tu, kama angezeeka. Ilinichukua muda kukubali kwamba ni Bwambale. Macho yake hayaoni tena, lakini nilipomsalimia aliushika mkono wangu, akapapasa vidole akitafuta wino, akasema, "Profesa wa pazia."

Tulimzika Mama Masika mchana. Baadaye Baluku, mwanaume mzima mwenye mvi za kwanza, sasa amemzidi baba yake umri, alitugawia chakula yeye mwenyewe. Ndizi za kuchemsha na samaki. Aliniwekea, akaona natazama ndizi, akaelewa. Alisema zimetoka pale. Zilitoka pale tangu alipoanza kula vitu vigumu. Kila mkungu ulipokatwa mama yake aliwaita yeye na Masika, akawaketisha, akasema, "Baba yenu ameleta chakula," na walikula, na hawakuwahi kuona ajabu; watoto wengine baba zao walileta kutoka sokoni, wao wa kwao alileta kutoka uani. Shuleni mtu alipomwambia hana baba alishangaa kweli. Alikuwa anakula kwake.

Nilikuwa na kipande mkononi. Nilitaka kusema jambo, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuwa na kitenzi. Nikala.

Bwambale alikuwa amekaa karibu yetu akisikiliza, mikono juu ya mkongojo. Mbele yake walikuwa wamemwekea wali, kwa sababu kila mtu anajua kiapo chake. Aliusukuma kando kwa nyuma ya mkono, taratibu, akageuza uso upande wa Baluku.

"Nipe cha Thembo," akasema.

Baluku alisita, kisha akamwekea. Mzee alikula kwa vidole, polepole, akitafuna kama mtu anayesikiliza. Uani watu waligeuka mmoja mmoja kumtazama. Alipofika nusu akaacha. Akauliza kama gari la Nyakiyumbu limekwisha kuja. Akaambiwa liko njiani, litampeleka kwake abadilishe nguo na kuwachukua wengine, kisha arudi kwa ajili ya maombi ya jioni. Akafuta vidole kwenye suruali, akapapasa mpaka akaupata ukingo wa sahani, akauacha mkono hapo.

"Funika," alisema. "Nitamalizia jioni."

Baluku akaleta sahani ya pili.